Mafua makali yakizuka ukiwa ugenini: uendelee na shughuli, ujifungie ndani, au urudi nyumbani?

Baridi ikianza kuuma hapa Uingereza, simu yangu hupokea swali lile lile kutoka kwa watu wasiofahamiana. Kijana wa mwaka wa kwanza aliyefika Septemba. Mama wa Tanga aliyekuja kumsaidia bintiye kulea mtoto mchanga. Dada anayefanya kazi za ndani Muscat, aliyepewa namba yangu na jirani yetu wa zamani, anatuma sauti saa sita usiku kwa kunong'ona: "Dada, humu ndani wanaumwa wote. Nibaki, au niombe nirudi?"

Nimekuwa katibu wa chama chetu cha Waafrika Mashariki mjini hapa kwa miaka mingi, na nimejifunza kutolijibu swali hilo kwa pupa. Njia ziko tatu. Kila moja nimeiona ikimfaa mtu mmoja na kumponza mwingine. Naziweka hapa bega kwa bega ili kila mtu ajipime mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, mafua, kwa chafya za wiki moja na kwa influenza, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mafua ya kawaida huja polepole, pua inachuruzika, mtu anaendelea kutembea. Influenza humwangusha mtu ghafla: asubuhi mzima, jioni homa, kichwa kinagonga, misuli inauma kama aliyepakua magunia, kikohozi kikavu, na uchovu wa kumlaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya kupumua. Hiyo ni miaka ya kawaida. Mara chache hutokea kirusi kipya ambacho miili yetu haijakizoea, kama mwaka 2009, mafua ya nguruwe yalipogundulika Mexico na California mwezi Aprili, na kufikia tarehe 11 Juni shirika hilo likawa limetangaza janga la dunia nzima.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi hapa. Tarehe 23 Julai serikali ilifungua huduma maalumu ya simu na mtandao kwa wakazi wa England: unaeleza dalili zako, ukionekana unazo unapewa namba, na namba hiyo inakupatia dawa ya virusi kwenye kituo. Lakini mgonjwa aliombwa asitoke. Alitakiwa kumtuma mtu mzima wa afya akamchukulie, na mtu huyo walimwita "rafiki wa mafua". Nilikuwa na homa ya nyuzi 39, bweni limebaki tupu kwa likizo, na niliposoma kwamba nimtume rafiki wangu wa mafua, nikakaa nikiitazama simu. Sikuwa na mtu. Aliyenisaidia ni binti wa Mombasa wa ghorofa ya juu, ambaye hadi siku ile tulikuwa tumepeana salamu tu kwenye lifti. Alileta dawa, akaleta na uji, akaviacha mlangoni. Tangu hapo, kila anayeniuliza abaki au arudi, mimi humuuliza kwanza: rafiki yako wa mafua ni nani?

Vigezo vya kupimia

Hilo basi ni la kwanza: nani atakuletea maji siku ya tatu, huwezi kusimama? La pili ni mwili wako. Wajawazito, wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, watoto wa chini ya miaka mitano, na wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu au VVU, hawa homa hii huwapeleka hospitali kwa urahisi kuliko wengine. La tatu ni mlango wa matibabu: je, unajua uende wapi, nani atalipa, na utajieleza kwa lugha gani? La nne ni karatasi na fedha, yaani viza, mkataba, pasipoti iko mkononi mwa nani, na akiba inatosha siku ngapi. La tano ni watu wanaokuzunguka, wa huku na wa kule unakotaka kukimbilia.

Ubalozi sijauweka kwenye orodha, na ninayo sababu. Watu wengi huamini kwamba mambo yakiharibika, ubalozi utaleta dawa au ndege. Hata Marekani, yenye balozi kila pembe, iliwaambia raia wake waliokuwa nje kwamba balozi zake hazina mamlaka ya kugawa dawa wala chanjo kwa raia binafsi. Ubalozi utakutambua, utakusaidia kupata hati ya kusafiria, utazungumza na mwajiri au na polisi. Jiandikishe nao mapema kwa sababu hizo. Uji hautatoka huko.

Njia ya kwanza: kubaki na kuendelea na shughuli kwa kujikinga

Rafiki wa mafua. Njia hii inakuacha ndani ya mtandao wako wa kila siku: wenzako wa kazi, msikiti, kanisa, darasa. Ukikosekana siku moja kuna atakayeuliza. Kwa anayeishi peke yake, hiyo ni kinga kubwa.

Mwili. Inamfaa zaidi mtu mzima asiye na maradhi ya kudumu, na msingi wake ni chanjo. Mwili huchukua kama wiki mbili kujenga kinga baada ya sindano, kwa hiyo anayesubiri wagonjwa wajae ndipo akachanje amechelewa. Miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kuhitaji daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Si ukuta, lakini hata wanaougua baada ya kuchanja mara nyingi huugua kwa wepesi. Kirusi kikiwa kipya kabisa, chanjo yake huchukua miezi kutengenezwa, kwa hiyo mwanzoni utategemea kunawa mikono kwa sabuni, kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, barakoa kwenye zahanati na mabasi yaliyojaa, na madirisha wazi hata kama baridi inakukera.

Tiba. Hapa nchi zinatofautiana sana. Uingereza, mwenye viza ya zaidi ya miezi sita kwa kawaida amekwishalipia huduma ya afya: pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na 1,035 kwa watu wazima wengine wengi. Umelipa, kwa hiyo jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, usingoje homa. Nawaambia pia wale ambao karatasi zao haziko sawa, maana hao ndio hufia ndani kwa hofu: kwa England, kumwona daktari wa mtaa hakulipiwi, chumba cha dharura hakilipiwi, na matibabu ya influenza ya janga yako kwenye orodha ya magonjwa ambayo mgeni hatozwi. Marekani ni habari nyingine. Hospitali zenye chumba cha dharura zinalazimika kwa sheria ya mwaka 1986 kumpima na kumtuliza mgonjwa mahututi bila kujali uwezo wake, ila bili itafuata nyumbani. Vituo vya afya vya jamii vinavyosaidiwa na serikali kuu hutoza kulingana na kipato, na ndivyo vya kutafuta mapema.

Karatasi na fedha. Hakuna linalovurugika. Mshahara unaingia, mahudhurio ya darasani hayana pengo.

Watu wengine. Udhaifu mkubwa uko hapa. Mtu huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea siku tano hadi saba baada ya kuugua. Unaweza kuipeleka homa kwenye arobaini ya mtoto ukiwa unacheka. Kwa jamii yetu ugumu uko kwenye desturi: kukumbatiana, sinia moja la pilau, kukaa msibani chumba kimoja watu thelathini. Msimu wa 2009 tulikubaliana kwenye chama kila mtu apakuliwe sahani yake, na wazee wetu wakatuambia wazi kwamba shikamoo haihitaji mkono. Hakuna aliyeona amevunjiwa heshima.

Njia ya pili: kubaki na kujifungia ndani

Rafiki wa mafua. Bila yeye, njia hii ni ya hatari. Anayejifungia peke yake akaugua, anaugua gizani. Mpange mtu mmoja wa kukupigia asubuhi na jioni, na muwekeane ahadi kwamba usipopokea mara mbili atakuja au ataita gari la wagonjwa. Mpe ufunguo wa akiba. Kama hujui wa kumpa ufunguo, una kazi ya kufanya kabla ya kununua mchele.

Mwili. Kwa mjamzito, mzee, mwenye pumu au kisukari, kupunguza watu anaokutana nao wiki zile za kilele kunaleta nafuu halisi. Kunafaa pia mtu akishaugua: atulie ndani hadi homa iwe imekoma kwa saa 24 bila msaada wa dawa za kuishusha.

Akiba ya ndani haihitaji kuwa duka zima. Chakula cha wiki mbili kinachopikika na mgonjwa mwenyewe: unga wa uji, mchele, dengu, mayai, ndimu, asali. Parasetamoli, na kwa mtu mzima isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Hapo wengi hukosea, kwa sababu unga wa mafua wa kuchanganya na maji ya moto mara nyingi una parasetamoli ndani yake, ukimeza na vidonge unajikuta umezidisha. Mtoto asipewe aspirini kabisa. Ikikutana na influenza inaweza kumletea ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo. Weka kipimajoto. Na zile dawa zako za kila siku, ziwe za presha, sukari, pumu au ARV, ziwe za kutosha mwezi mzima. Nimeshuhudia mtu akipona homa akalazwa kwa sababu ya dozi ya presha aliyoikosa kwa kuogopa kwenda kuichukua.

Tiba. Kujifungia kuna mtego wake: mtu huvumilia hadi muda unampita. Dawa za virusi kama oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza, na huandikwa na daktari. Kwa hiyo aliye kwenye kundi la hatari apige simu siku ile ile. Antibayotiki alizotumiwa na shemeji kutoka nyumbani hazigusi kirusi. Na zipo dalili za kuvunja karantini yoyote uliyojiwekea: kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kugeuka rangi, kushindwa kunywa au kukojoa, au homa iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu. Kwa mtoto angalia anavyopumua haraka na mbavu zinavyoingia ndani. Hapo ni gari la wagonjwa.

Karatasi na fedha. Anayelipwa kwa saa hujifungia kwa gharama. Mwanafunzi wa viza azungumze na chuo kwa maandishi kabla ya kukosa vipindi, asije akahesabiwa mtoro.

Watu wengine. Wengi wetu tunaishi nyumba za kugawana, jiko moja, choo kimoja. Mgonjwa apewe chumba chenye dirisha, vyombo vyake, barakoa anapotoka, na vitasa vifutwe, maana kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye kitu kigumu saa 24 hadi 48. Mkumbuke pia kwamba kufungiwa kunaweza kuja bila wewe kuchagua. Mwanzoni mwa Mei 2009 Hong Kong iliizingira hoteli ya Metropark, mtaa wa Wan Chai, kwa siku saba kwa sababu ya mgeni mmoja aliyekutwa na kirusi, na watu karibu 300 wakabaki ndani na walichokuwa nacho kwenye begi. Mfanyabiashara wetu anayelala hotelini Guangzhou akisubiri kontena aufikirie mfano huo: dawa zako za kila siku ziwe kwenye begi la mkononi, zisiwe kwenye mzigo wa meli.

Njia ya tatu: kurudi nyumbani

Rafiki wa mafua. Nyumbani hapana mshindani. Kuna mama, kuna dada, kuna jirani atakayegonga mlango bila kuitwa. Sitamdharau mtu anayelia kwa ajili ya hilo. Mimi mwenyewe nililia.

Mwili. Kumbuka kwamba dalili huja siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa, kwa hiyo unaweza kupanda ndege mzima na kushuka mgonjwa. Ukiwa tayari una homa, usisafiri. Uwanja wa ndege, foleni na saa nane za kukaa vinammaliza mgonjwa, na vinampa homa aliyekaa kiti cha pembeni.

Tiba. Jiulize kwa moyo mweupe: hospitali iliyo karibu na kwenu ina oksijeni? Ina dawa za virusi? Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi atakuwa na jibu moja, mtu wa kijijini jibu jingine. Kwa mwenye bima kamili huku na asiye na bima kule, kurudi kunaweza kuwa ni kuikimbia tiba.

Karatasi na fedha. Hapa ndipo milango inapofungwa nyuma ya watu. Janga la 2020 halikuwa la influenza, lakini lilituonyesha jinsi mipaka inavyofanya kazi. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari, na wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya waliokuwemo walibaki ndani wakati mataifa mengine yakituma ndege. Machi, Uganda ilitangaza kufunga Entebbe kwa abiria, na ndani ya siku mbili Waganda wenyewe waliokuwa njiani walikwama nje. Waliowahi kutua Nairobi siku za mwisho walipelekwa karantini hotelini na vyuoni, wengi kwa fedha za mifukoni mwao, ingawa Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 kwa kawaida zinakataza kumtoza msafiri gharama ya karantini aliyolazimishwa. Mwaka 2009 nako, Mexico ililazimika kutuma ndege China kuwachukua raia wake waliokuwa wametengwa hotelini, wengi wao bila dalili yoyote. Kwa hiyo anayetaka kurudi aondoke mapema, kabla ya tangazo, akiwa ameuliza mambo matatu: viza itaniruhusu kuingia tena? Kazi au chuo kitanisubiri? Bima ya safari inahesabu magonjwa ya mlipuko au imeyatoa?

Watu wengine. Mgonjwa wa kwanza wa mafua ya nguruwe aliyethibitishwa Kenya, Juni 2009, alikuwa mwanafunzi kijana kutoka Uingereza. Kundi lake lilitengwa hotelini Kisumu. Homa ilipanda ndege kama abiria wengine. Ukirudi, utapokewa na bibi mwenye miaka 80 na mtoto wa mwezi mmoja, na wote watataka kukukumbatia. Lala chumba chako siku tano za kwanza, kula kwa sahani yako, na waeleze kabla hujafika ili wasidhani umekuja na majivuno ya Ulaya.

Kwa hali yako

Mwanafunzi mzima wa afya, anayeishi bweni: mara nyingi njia ya kwanza inamtosha, akiwa amechanja na amejiandikisha kwa daktari. Akishikwa na homa, ahamie njia ya pili kwa wiki moja. Mpango wake wote unasimama kwa jina moja la mwenzake wa ghorofa ile ile.

Mjamzito na mama aliyejifungua karibuni: chanjo ya influenza hupewa wajawazito, na kinga yake humfikia mtoto, ambaye hachanjwi hadi atimize miezi sita. Wiki za kilele apunguze mikusanyiko. Safari ndefu za miezi ya mwisho azungumze na mkunga wake kabla ya kukata tiketi.

Mzazi aliyekuja kutembea, Minnesota au Ontario, kwa viza ya mgeni: swali kubwa ni bima. Akiwa nayo, akae, wajukuu zake wanaokohoa wasilale naye. Akiwa hana, na mlipuko bado uko mbali, kurudishwa mapema kunaweza kuwa busara, maana siku chache za kulazwa zinaweza kula akiba ya ukoo.

Muuguzi au mlezi wa wazee: hana anasa ya kujifungia. Achanje kila mwaka, adai barakoa na glavu kazini, na asiende zamu akiwa na homa hata kama simu ya msimamizi inamsihi. Anaowahudumia ndio homa hii inawaua zaidi.

Dada wa kazi za ndani Muscat, Doha au Riyadh: njia zote tatu ziko mikononi mwa mwenye nyumba kuliko mikononi mwake, na ndiyo maana namwandikia zaidi kuliko wote. Apige picha pasipoti na mkataba, azitume kwa ndugu. Ahifadhi namba ya ubalozi wake. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Muscat. Akiwauguza watu wa nyumba, avae barakoa, anawe kila anapotoka chumbani kwa mgonjwa, afungue dirisha. Akiugua mwenyewe, aseme siku ile ile, kwa maneno mafupi ya Kiarabu ayajue kabla: nina homa, sipumui vizuri, nataka daktari.

Yule dada wa Muscat alibaki. Nilimwomba anitafutie namba ya Mtanzania mwingine mtaani kwake, akampata mwanamke anayefanya kazi nyumba ya tatu. Sasa hutumiana sauti kila alfajiri baada ya sala, sekunde chache tu, kila mmoja akimweleza mwenzake kwamba ameamka.